Kukereza Jicho kwa Nuru: Leza na Matibabu ya Wasioona Mbali

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho la mwanadamu, ile inayopokea nuru kabla ya sehemu nyingine yoyote, huitwa konea. Ni utando angavu, mgumu, usio na mishipa ya damu, wenye upana wa milimita 11 hadi 12. Unene wake katikati ni nusu milimita hivi, yaani sawa na karatasi tano za kuandikia zikiwekwa pamoja. Katika unene huo mdogo ndimo unamofanyika upasuaji ambao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, umewaondolea mamilioni ya watu duniani haja ya kuvaa miwani. Upasuaji huo haupandikizi kitu wala haushoni kitu. Hupunguza, na kilichopunguzwa hakirudi tena. Kwa sababu hiyo historia yake yote yaweza kuelezwa kwa swali moja: ni kiasi gani cha konea kiwezacho kuondolewa, na kile kinachobaki kitadumu namna gani mpaka uzeeni?

Jinsi konea inavyokusanya nuru

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kukusanya nuru jichoni hufanywa na lenzi peke yake. Sivyo ilivyo. Jicho lina nguvu ya kukusanya nuru ipatayo daiopta 60, na katika hizo konea hutoa 43 hivi. Lenzi iliyo nyuma ya mboni huongeza sehemu iliyobaki, na kazi yake maalumu ni kurekebisha, kwa kujivimbisha kidogo mtu anapotazama kitu cha karibu. Konea ina nguvu kiasi hicho kwa kuwa nuru hupinda sana inapotoka hewani na kuingia katika kitu chenye majimaji. Mzamiaji wa pweza anayefumbua macho ndani ya bahari bila miwani ya kuzamia huona kila kitu kimeingia ukungu, kwa kuwa maji yaliyo nje ya konea na majimaji yaliyo ndani yake karibu yanalingana, na nuru haipindi tena kama inavyopasa. Akivaa miwani ya kuzamia, hewa hurudi mbele ya jicho, na konea hurudishiwa kazi yake.

Daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, na kwa mtu asiyeona mbali kipimo hicho kina maana iliyo nyepesi kufahamika. Mwenye kasoro ya daiopta 2 huona wazi mpaka umbali wa nusu mita. Mwenye daiopta 4, mpaka robo mita. Hesabu ni kugawanya mita moja kwa idadi ya daiopta. Kasoro hiyo aghalabu hutokana na jicho kuwa refu kupita kiasi. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita moja tu, picha huangukia mbele ya retina, na mtu huhitaji miwani ya daiopta 2 na nusu au zaidi. Jicho likiwa fupi mno, mambo huwa kinyume, na kutazama karibu ndiko kunakotaabisha zaidi. Iko na kasoro ya tatu, astigmatizimu, ambayo hutokea konea isipoviringana sawasawa, bali ikawa na mpindo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, mithili ya mgongo wa kijiko.

Urefu wa jicho hauna namna ya kupunguzwa. Mpindo wa konea, lakini, waweza kubadilishwa. Konea ikifanywa bapa zaidi katikati, nguvu yake hupungua, na picha husogea nyuma mpaka ikafika kwenye retina. Kinachotakiwa ni kidogo mno. Kwa kasoro ya daiopta 3, tofauti kati ya konea ya zamani na konea mpya ni tabaka ambalo katikati lina unene wa nusu tu ya unywele wa kichwani. Ugumu wote wa jambo hili umo katika udogo huo.

Siku za kisu

Wazo la kubadili umbo la konea ni la zamani kuliko leza. Mwaka 1898 Mholanzi Leendert Jan Lans alichanja konea za sungura, akaona kwamba makovu yanapopona hubadili mpindo wake. Katika miaka ya 1930 Tsutomu Sato, bingwa wa macho wa Japani, alianza kulifuata wazo hilo kwa wanadamu. Alikata konea kwa ndani, kutoka upande wa nyuma, na mwanzoni wagonjwa wake walifurahi kwa kuwa waliona mbali. Jambo ambalo halikufahamika wakati ule ni kwamba upande wa nyuma wa konea umefunikwa na safu moja tu ya seli, ambazo kazi yake ni kuyatoa maji nje ya konea usiku na mchana. Seli hizo kwa mwanadamu zikifa hazizaliwi nyingine. Kisu cha Sato kiliziua. Baada ya miaka ipatayo 20 konea za wengi wa wagonjwa hao zilianza kuvimba maji na kuwa nyeupe, wakapoteza uoni ambao walikuwa wamekwenda kuutengeneza.

Somo hilo lilizingatiwa na Svyatoslav Fyodorov wa Moscow. Inasimuliwa kwamba mvulana mmoja alivunjikiwa na miwani usoni, vigae vikamkata konea, na alipopona akaonekana anaona vizuri zaidi kuliko hapo awali. Kuanzia mwaka 1974 Fyodorov alichanja konea kwa upande wa mbele, mistari 8 au 16 iliyotawanyika kutoka katikati kama miali ya jua, akiiacha sehemu ya katikati bila kuguswa. Konea iliyochanjwa hivyo hulegea pembeni, shinikizo la ndani ya jicho huisukuma nje, na sehemu ya katikati hulala ikawa bapa. Katika taasisi yake wagonjwa walilazwa juu ya meza zilizozunguka, kila mpasuaji akifanya hatua moja ya kazi na kumpisha mgonjwa aende kwa mpasuaji wa pili, kama motokaa zinavyounganishwa kiwandani.

Njia hiyo ilifika Marekani mwaka 1978, ikapendwa upesi kuliko ilivyochunguzwa. Lakini ni Wamarekani hao hao waliofanya uchunguzi uliotakiwa. Kundi la vituo kadhaa vya tiba lilifuatilia macho yaliyopasuliwa kwa muda wa miaka 10, na mwaka 1994 matokeo yalitangazwa. Macho karibu 700 yalipimwa tena. Mengi yalikuwa yakiona vizuri bila miwani, lakini asilimia 43 yalikuwa yamesogea kwa daiopta 1 au zaidi kuelekea upande wa kutoona karibu, na mwendo huo ulikuwa haujakoma. Konea iliyokatwa kwa kina cha asilimia 90 ya unene wake ilikuwa haijatulia, na makovu yake hayakuwa na nguvu ya kuishikilia.

Udhaifu huo ulikuja kudhihirika mahali pasipotarajiwa. Tarehe 10 Mei 1996 Beck Weathers, daktari wa Marekani aliyekuwa amepasuliwa macho kwa njia hiyo, alikuwa akipanda mlima Everest. Alipopita kimo cha mita 8,000 macho yake yalififia hata akashindwa kuendelea. Akakaa kuwangoja wenzake, na dhoruba ikamkuta huko huko. Aliokoka, lakini baridi ilimnyang'anya mkono wa kulia, vidole vya mkono wa kushoto na pua. Konea haina mishipa ya damu. Hupata oksijeni yake kutoka hewani. Oksijeni inapopungua huvimba, na konea yenye mikato huvimba zaidi pale ilipokatwa, ikabadili umbo. Uchunguzi uliofanywa katika mlima Pikes Peak huko Marekani ulionyesha kwamba mabadiliko hayo hutokea hata kwenye kimo cha mita 4,300, ambacho ni chini sana ya kilele cha Kilimanjaro.

Mtaalamu mwingine alikuwa amepita njia tofauti kabisa, tena mapema zaidi. Huyu ni José Ignacio Barraquer wa mji wa Bogotá, Kolombia. Tangu mwaka 1949 alishikilia kwamba konea isichanjwe, bali ipunguzwe. Alibuni randa ndogo ya kuparuza kisahani cha konea, akakigandisha kwa baridi kali mpaka kikawa kigumu, akakikereza kwa mashine kama fundi anavyokereza mguu wa kiti, kisha akakiyeyusha na kukishona mahali pake. Kazi ilikuwa ngumu na wachache waliweza kuifanya. Hata hivyo wazo la Barraquer ndilo lililoshinda. Lilichokosa ni chombo kiwezacho kukereza kitu kiteketeke, kilicho hai, bila kukigandisha na bila kukiunguza.

Mfupa wa bata mzinga

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na haikuchukua muda mrefu kabla ya mabingwa wa macho kuitumia kuunguza sehemu zilizougua za retina. Leza hizo za mwanzo zilitoa nuru inayoonekana, na nuru inayoonekana hupenya konea bila kuigusa, kwa maana konea imeumbwa ili ipenyeke. Kwa kazi ya kukereza konea zilikuwa hazifai.

Mwaka 1970 Nikolai Basov na wenzake mjini Moscow walitengeneza leza ya aina mpya iitwayo eksaima, kwa kutumia zenoni. Baadaye ikapatikana ile itumiayo mchanganyiko wa gesi za agoni na florini, ambayo nuru yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 193. Hiyo ni nuru ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na iko mbali sana na ile inayochoma ngozi juani. Katika maabara ya kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, Rangaswamy Srinivasan aliyezaliwa India, pamoja na James Wynne na Samuel Blum, walikuwa wakichunguza jinsi nuru hiyo inavyochonga plastiki. Wakajiuliza kama ingeweza kuchonga mwili wa kiumbe. Tarehe 27 Novemba 1981, siku iliyofuata Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Srinivasan alikuja kazini na mabaki ya bata mzinga wa karamu ya nyumbani. Walielekeza leza ya eksaima kwenye gegedu la mfupa, na kando yake wakaelekeza leza ya nuru ya kijani. Ile ya kijani iliacha tundu lililoungua na kuwa jeusi. Ya eksaima iliacha mfereji ulionyooka, wenye kingo safi, na gegedu la pembeni halikuonyesha dalili ya moto.

Sababu yake ni hii. Nuru husafiri katika vifurushi vidogo vya nishati viitwavyo fotoni. Kila fotoni ya nuru ya nanomita 193 ina nishati ya elektronivolti 6.4, ilhali kifungo kati ya atomu mbili za kaboni katika protini huweza kuvunjwa kwa elektronivolti 3.6 hivi. Fotoni moja basi yatosha kukata kifungo kimoja, na tena inabaki na ziada. Isitoshe, protini huifyonza nuru hiyo kwa pupa, kiasi kwamba karibu yote huishia katika tabaka jembamba la juu na haifiki chini. Pigo moja la leza huchukua sehemu ndogo sana ya milioni moja ya sekunde. Katika muda huo molekuli za tabaka la juu huvunjika vipande vipande na kuruka hewani, zikiondoka na joto lao kabla halijapata nafasi ya kuenea. Kila pigo huondoa robo ya mikroni hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Hakuna kisu wala randa iliyopata kukaribia kipimo hicho.

Bingwa wa macho Stephen Trokel wa New York alitambua upesi maana ya jambo hilo, na mwaka 1983 yeye pamoja na Srinivasan na mwenzao Bodil Braren walichapisha taarifa ya kwanza juu ya kuitumia leza ya eksaima kwenye konea. Majaribio yakaendelea kwa macho ya wanyama, kisha kwa macho ya watu yaliyokwisha kupofuka. Mwaka 1988, mjini New Orleans, Marguerite McDonald alikereza kwa mara ya kwanza jicho la mtu aliyekuwa bado anaona nalo. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke mwenye kansa iliyolazimu jicho lake liondolewe, naye alikubali lifanyiwe majaribio katika siku chache zilizobaki. Sehemu kubwa ya yale yaliyojulikana mwanzoni juu ya jinsi konea ya mwanadamu inavyopona baada ya leza yalitokana na jicho lile.

Hesabu ya kutoa

Upasuaji wa awali hufanyika juu ya uso wa konea. Tabaka la nje lenye unene wa mikroni 50 hukwanguliwa kwanza. Hilo huota tena lenyewe kwa siku nne hivi. Kisha leza hukereza tabaka la kati, lililofumwa kwa nyuzi za kolajeni, ambalo ndilo sehemu tisa kwa kumi ya konea, na ambalo haliotoi jipya mahali pa lililoondolewa. Njia hii iliruhusiwa rasmi nchini Marekani mwaka 1995. Haina mambo mengi, lakini siku za kwanza huwa na maumivu makali, na uoni hukawia wiki kadhaa kutulia.

Njia ya pili, ambayo imekuja kuwa mashuhuri kupita zote kwa jina la Lasik, iliunganisha leza na randa ya Barraquer. Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, na Lucio Buratto wa Italia ni miongoni mwa waliotangulia kuifanya, karibu na mwaka 1990. Konea huparuzwa kibamba chembamba kisichokatwa mpaka mwisho, kikaachiwa upande mmoja kama bawaba ya mlango. Kibamba hufunuliwa, leza hukereza chini yake, kisha hufunikwa. Kwa kuwa uso wa konea haukujeruhiwa sana, maumivu ni machache, na wengi huona vizuri siku ya pili yake. Urahisi huo wa siku ya pili ndio ulioieneza njia hii ulimwenguni, na ndio pia uliowafanya baadhi ya watu kuichukua kama jambo jepesi.

Yafaa hapa kufanya hesabu. Charles Munnerlyn, mhandisi wa Marekani, alitoa kanuni ambayo kila mpasuaji huijua: chukua upana wa eneo la kukerezwa kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa idadi ya daiopta, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni kina kwa mikroni. Kwa eneo la milimita 6 na kasoro ya daiopta 3, jibu ni mikroni 36. Kwa daiopta 8 ni mikroni 96. Kila daiopta moja, basi, hugharimu mikroni 12 za konea.

Mtu mwenye konea ya mikroni 540 na kasoro ya daiopta 8 akikatwa kibamba cha mikroni 110, hubakiwa na 334 chini. Hiyo inatosha. Lakini mwenye konea ya mikroni 480 na kasoro ya daiopta 10, akikatwa kwa randa za zamani kibamba cha mikroni 160, hubakiwa na mikroni 200 tu, na wataalamu wengi wameafikiana kwamba zisipungue 250. Yawezekana kuokoa unene kwa kupunguza upana wa eneo, na katika miaka ya mwanzo ndivyo ilivyofanyika. Maeneo mengine yalikuwa chini ya milimita 5. Wagonjwa hao waliona vema mchana. Usiku mboni ilipotanuka kupita mpaka wa eneo lililokerezwa, taa za magari zilizungukwa na duara za mwanga, na wengine waliacha kuendesha gari usiku. Eneo likipanuliwa mpaka milimita 7, kasoro ile ile ya daiopta 3 hudai mikroni 49 badala ya 36. Kila upande una bei yake.

Kibamba chenyewe kina la kuzingatiwa. Kikisharudishwa, hushikamana kingo zake, lakini nyuzi za kolajeni zilizokatwa haziungani tena kama zamani. Kwa hiyo katika hesabu ya nguvu, kibamba hakihesabiwi. Tena nyuzi zilizo imara kuliko zote ni zile za mbele, ambazo ndizo zinazokatwa kwanza.

Mwaka 1998 Theo Seiler, bingwa wa Ujerumani ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tiba ya leza, alitoa taarifa ya wagonjwa ambao konea zao zilianza kubinuka mbele baada ya Lasik. Konea iliyobaki ilikuwa imeshindwa kulihimili shinikizo la ndani ya jicho. Hali hiyo hufanana na ugonjwa wa asili uitwao keratokonasi, ambao huipa konea umbo la pia na kuuharibu uoni kiasi ambacho miwani haisaidii. Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba baadhi ya macho hayo yalikuwa na dalili changa za keratokonasi kabla ya kupasuliwa, ambazo vipimo vya wakati ule havikuzionyesha. Kutokea hapo kupima kukawa muhimu sawa na kupasua. Siku hizi mashine huchora ramani ya konea, mbele na nyuma, kwa maelfu ya nukta, na kwa kawaida mwenye dalili hizo hukataliwa. Seiler na wenzake wa Dresden, Gregor Wollensak na Eberhard Spoerl, walichapisha pia mwaka 2003 njia ya kuikaza konea inayolegea, kwa kuidondoshea vitamini B2 na kuimulika kwa nuru ya urujuanimno ili nyuzi zake zifungamane zaidi. Njia hiyo huzuia ugonjwa kuendelea. Hairudishi unene.

Randa yatupwa kando

Hatua iliyofuata ilitoka katika ajali. Mwaka 1993, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na leza yenye mapigo mafupi kupita kiasi. Daktari kijana aliyekuwa zamu, Ron Kurtz, alipoitazama retina yake alistaajabu: madoa yalikuwa madogo, ya duara kamili, na pembeni hapakuwa na mahali palipoungua. Mwanafunzi alipona, na Kurtz akaungana na Tibor Juhasz, mwanafizikia wa chuo hicho, kuitafutia leza hiyo kazi.

Pigo la leza hiyo huhesabiwa kwa femtosekunde. Nuru, ambayo kwa sekunde moja husafiri kilomita 300,000, kwa femtosekunde moja husafiri theluthi ya mikroni tu. Rangi yake ni ya infraredi, hupenya konea bila madhara, lakini pale inapokusanywa kwenye nukta moja nguvu yake huwa kubwa hata ikapasua kiputo kidogo ndani ya konea, kwa kina kinachotakiwa. Viputo vingi vikipangwa kando kando hukata bila kisu. Njia ya kutengeneza mapigo ya namna hiyo ilibuniwa mwaka 1985 na Gérard Mourou na Donna Strickland, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 leza hii imechukua nafasi ya randa katika hospitali nyingi, na kibamba kimekuwa chembamba zaidi, chenye unene ulio sawa kote.

Wajerumani Walter Sekundo na Marcus Blum walikwenda mbele zaidi. Katika njia yao, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, hakuna kibamba kabisa. Leza ya femtosekunde huchora ndani ya konea umbo la lenzi nyembamba, nayo huchopolewa kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4. Nyuzi za mbele zinazokatwa ni chache, na mishipa ya fahamu inayosalimika ni mingi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hapa nako kitu kimetolewa, na kanuni ya unene haijafutwa. Wenye konea nyembamba au kasoro kubwa hushauriwa njia nyingine isiyopunguza konea: kuwekewa lenzi ndogo ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, ambayo ikilazimu huweza kutolewa.

Faida na gharama

Matokeo ya jumla ni mazuri, na haifai kuyaficha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba watu 95 kati ya 100 waliofanyiwa Lasik waliridhika. Mwaka 2007 shirika la anga la Marekani, NASA, lilianza kuwakubali wanaanga waliorekebishwa macho kwa leza, jambo ambalo lisingewezekana kwa mtu mwenye mikato ya Fyodorov.

Hata hivyo kuridhika si sawa na kutopata taabu. Uchunguzi ulioendeshwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwauliza wagonjwa wenyewe badala ya waganga wao. Miongoni mwa wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na tatizo la kuona duara za mwanga, miale ya nyota au picha mbili, zaidi ya watu 40 kati ya kila 100 walikuwa nalo miezi mitatu baadaye. Kwa walio wengi tatizo lilikuwa dogo. Chini ya mtu 1 katika 100 alizuiwa nalo kufanya shughuli zake. Ukavu wa macho nao ni wa kawaida, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoamsha machozi hukatwa pamoja na kibamba, na huchukua miezi mingi kuota tena.

Tena leza haizuii uzee. Baada ya umri wa miaka 40 lenzi ya ndani hugumu na kushindwa kujivimbisha, na mtu huanza kusogeza gazeti mbali. Ugumu huo haumo katika konea. Mtu asiyeona mbali kwa daiopta 2, ambaye angesoma bila miwani mpaka uzeeni, akirekebishwa kikamilifu atahitaji miwani ya kusomea kama wenzake. Wako watu ambao hawakuelezwa hilo, wakadhani wamedanganywa.

Katika Afrika Mashariki kuna jambo moja la kuangaliwa zaidi. Mzio wa macho uwapatao watoto na vijana, wenye mwasho mkali na macho mekundu, ni ugonjwa wa kawaida katika nchi hizi, na mtoto mwenye mwasho hufikicha macho kutwa. Kufikicha kwa miaka mingi kunahusishwa na keratokonasi. Kijana aliyekuwa na mzio huo, ambaye namba ya miwani yake hubadilika kila mwaka, ndiye hasa anayepaswa kupimwa ramani ya konea kabla ya kufikiriwa leza. Kasoro ya macho nayo yapaswa iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi, na umri usiwe chini ya miaka 18. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wapatao bilioni moja wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuiwa au bado haujatibiwa, na wengi wao hawahitaji zaidi ya miwani ya kawaida. Miwani hurekebisha kasoro ile ile, na asiyeridhika nayo huivua.

Liko suala la mwisho ambalo aliyekwisha kupasuliwa hulisahau, kwa kuwa huja baada ya miaka 20 au 30. Watu wengi wakizeeka hupata mtoto wa jicho, na lenzi yao iliyoingia ukungu huondolewa na kuwekewa ya bandia. Nguvu ya lenzi hiyo hukokotolewa kutokana na mpindo wa konea na urefu wa jicho. Kanuni za kawaida za ukokotoaji zilitungwa kwa konea ambazo hazijaguswa. Kwa konea iliyokerezwa hukosea, na mgonjwa huishia kupewa lenzi dhaifu kuliko anayohitaji, isipokuwa daktari awe ameambiwa na atumie kanuni zilizorekebishwa. Ukokotoaji huwa mwepesi zaidi vikipatikana vipimo vya kabla ya leza: mpindo wa konea, unene wake, na kasoro ya jicho kwa daiopta. Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya vipimo hivyo siku ya upasuaji, na mahali pake pa kuwekwa ni pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati za nyumba.